Aliyeacha Chuo Alipe Nini?

Vijana walioacha chuo kikuu katikati ya safari wana msemo wao: "Mimi sikumaliza, sasa wananidai nini?" Msemo huu unanikera. Mtu aliyepanda basi Dar es Salaam kwenda Mwanza, akashuka Singida, hawezi kumwambia kondakta kwamba hadaiwi nauli kwa kuwa Mwanza hakufika. Bumu alilila, kitanda alikilalia, ada ililipwa. Fedha zile zilitoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kabla ya kufika huko zilitoka kwa mama muuza vitumbua, anayelipa kodi ndani ya kila lita ya mafuta ya taa anayonunua. Dawa ya deni ni kulipa. Hapo sina mjadala na mtu.

Lakini upo msemo wa pili, huu wa wenye ofisi, nao unanikera zaidi: "Jina lake limo kwenye orodha, basi anadaiwa yote." Ndugu msomaji, huo ndio ninaoupinga, na ninao ushahidi.

Mwaka 2013 kijana mmoja niliyemfundisha tangu darasa la kwanza aliniletea fomu ya mkopo nimdhamini. Baba yake alikuwa amekwisha fariki. Nikabandika picha, nikatia saini. Mwaka wa pili, muhula wa kwanza ukielekea kwisha, mama yake alipooza. Kijana hana ndugu. Akafunga begi akarudi nyumbani. Alimuaga mwenzake wa chumbani na mhadhiri mmoja. Barua kwa msajili hakuandika. Katika hilo simtetei, tena nina aibu, maana barua rasmi nilimfundisha mimi mwenyewe ubaoni, anwani mbili na kila kitu.

Muhula wa pili hakuingia darasani hata siku moja. Hakufanya mtihani, hakutia saini ya bumu. Hata hivyo chuo kile kilipokea ada ya muhula mzima kwa jina lake, kikanyamaza. Miaka minne baadaye alipata kazi na makato yakaanza: asilimia 15 ya mshahara, kama sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016. Ndani ya deni hilo imo ada ya muhula ambao yeye alikuwa akimgeuza mama yake kitandani. Na juu yake ile asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo haikufutwa hadi mwaka 2021.

"Shikamoo Mwalimu," aliniambia, "niliyokula nitalipa. Haya mengine nilikula lini?"

Tulikwenda wote chuoni. Karani alitupokea kwa heshima. "Mzee wangu, hakuandika barua," akasema. Nikamwuliza: wahadhiri hawakuita majina? Karatasi za mtihani zilipohesabiwa, hakuna aliyeona kwamba moja imepungua? Akatabasamu. Mimi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi mwenye cheti cha chuo cha ualimu tu, mtoto akikosa siku tatu nilimtuma mwenzake nyumbani kwao kuuliza. Wao, na madaktari wao wa falsafa, walipitisha miezi minne bila kujua kwamba mtu hayupo. Au walijua. Ada ilikuwa imekwisha kuingia.

Na ada, tusisahau, haipiti mkononi mwa mwanafunzi. Inatoka Bodi inakwenda chuoni. Bumu ndilo analolishika yeye. Basi alichokishika akilipe, na muhula aliosoma aulipie. Fedha ambazo chuo kilizipokea kwa kumfundisha mtu ambaye hakikumfundisha, chuo kizirudishe, wala kisimtwishe kijana.

Si jambo geni. Huko Marekani, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1998, mwanafunzi akiacha masomo kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula, fedha za serikali alizopewa hupimwa kwa siku alizosoma. Sehemu ambayo hakuistahili, chuo hutakiwa kurudisha fungu lake ndani ya siku 45. Siwasifu kupita kiasi, kwani vyuo vingi huko vikisharudisha humgeukia mwanafunzi na ankara yao wenyewe. Lakini angalau mtu amelazimishwa kukaa chini na kuhesabu siku.

Najua nitakachoambiwa: kwamba mlango huu ukifunguliwa, kila mvivu atalala bwenini kisha adai hakuwapo. Si kweli. Mvivu aliyelala bwenini ametia saini ya bumu, na saini hiyo itamsuta. Ninayemsema mimi hana saini, hana mahudhurio, hana alama hata moja ya mtihani. Kumtambua hakuhitaji mitambo. Kunahitaji mtu mwenye kalamu, na chuo kisichoona faida katika kutomtambua.

Mama yule amekwisha fariki. Mwanawe analipa hadi leo. Mwezi uliopita nilimwandikia mkuu wa chuo kile, nikiwa mdhamini, nikiomba kwa adabu orodha ya masomo ambayo kijana wangu alifundishwa muhula ule. Nakala nilimpelekea kijana mwenyewe, ili aone tena anwani ya pili inakaa wapi.