Msitu wa Masisi ulikatwa ofisini

Mgeni akifika Masisi, mashariki mwa Kongo, mara ya kwanza hutoa simu apige picha. Vilima vimevaa nyasi laini, ng'ombe wametawanyika mteremkoni, ukungu unashuka, naye anasema walichosema wageni wote kabla yake: hii ni Uswisi ya Afrika. Ananunua jibini ya kupeleka Goma. Siku akielekea Kibabi na kuvuka upande wa Walikale, anakuta moshi, visiki vyeusi, na mama anayepanda mihogo katikati ya majivu. Simu inatoka tena, safari hii kwa masikitiko. Mharibifu wa hali ya hewa keshapatikana.

Hukumu hiyo tunaisikia kwenye semina za hoteli za Goma, tunaisikia redioni, tena kwa watu waliosomeshwa kwa jembe kama la mama huyo: mkulima mdogo na mchoma makaa ndio wanaomaliza msitu. Wafundishwe, na wakikaidi wafukuzwe.

Haikosi takwimu. Utafiti wa mwaka 2018, uliosoma picha za setilaiti za bonde la Kongo, ulikuta kwamba takriban asilimia 84 ya eneo la msitu lililovurugwa lilitokana na mashamba madogo yanayofyekwa kwa mkono. Sibishani na hesabu hiyo. Panga linakata, na moshi wa maskini ni moshi. Ila setilaiti huona mkono ulioshika panga, haimwoni aliyeusukuma mkono huo mpaka pale.

Basi turudi kwenye zile nyasi zilizopigwa picha. Sehemu kubwa yake ilikuwa msitu wa milimani. Watafiti waliopima misitu ya aina hiyo barani Afrika, wakatoa matokeo yao mwaka 2021, walikuta hekta moja ina wastani wa tani 149 za kaboni kwenye miti yake. Ikikatwa yote, ikaungua au ikaoza, ni zaidi ya tani 500 za hewa ukaa. Mkongomani wa kawaida, kwa petroli na mafuta ya taa anayochoma, hafikishi hata sehemu ya kumi ya tani kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: hekta moja ya malisho yale mazuri ni moshi wa mtu mmoja kwa miaka zaidi ya elfu tano.

Nani aliufungulia njia ufyekaji huo? Wabelgiji walianza, wakataka mashamba makubwa ya kahawa, chai na pareto, na kuanzia 1937 hadi 1955 wakaleta maelfu ya familia kutoka Rwanda kuja kuyalima. Kisha ikaja 1973. Sheria ya Julai mwaka huo iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Ardhi ya kimila, yaani ile ambayo watu wa vijijini walikuwa wanailima, ikaambiwa isubiri amri ya Rais. Miongo ikapita, amri haikuonekana. Novemba ya mwaka huo huo Rais Mobutu akatangaza kuwanyang'anya wageni mashamba na biashara, vikaenda kwa wakubwa na jamaa zao. Mwenye rafiki Kinshasa alipata hati ya kilima chenye watu, akaingiza ng'ombe. Na ng'ombe hahitaji vibarua wengi kama kahawa. Familia nzima ilijikuta imezidi kwenye ardhi ya babu yake.

Waende wapi? Wengine walikodi vipande kwa mwenye hati. Wengine waliteremka magharibi, kule miti ilikobaki. Ugomvi wa ardhi hiyo ulikuwa nyuma ya mauaji ya 1993 yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, na kila vita iliyofuata imewahamisha wengine wengi.

Sasa tazama jinsi daftari la dunia linavyoandikwa. Ramani za upotevu wa misitu zinazotegemewa zaidi, zile za Chuo Kikuu cha Maryland, zinaanza mwaka 2000. Kilima kilichofyekwa 1978 hakina deni humo. Bwana mwenye ng'ombe mia tatu ni safi kama maziwa yake. Yule aliyefukuzwa naye, akifyeka robo hekta Walikale apate chakula, anawaka kama doa jekundu kwenye skrini ya mtu aliyeko Ulaya. Mwaka 2021 huko Glasgow Kongo iliahidiwa dola milioni 500 kulinda misitu. Fedha za namna hiyo hufuata madoa mekundu, na mafunzo humfuata aliye ndani ya doa.

Mafunzo yenyewe mara nyingi ni kupanda miti. Hapo huwa nacheka, ingawa si jambo la kuchekesha. Mtu anayelima kwa kukodi kwenye vilima hivi huambiwa mapema anachoruhusiwa kupanda: maharagwe, mahindi, viazi, vitu vinavyong'olewa msimu ukiisha. Mti hapana. Mti hukaa miaka ishirini, na anayekaa nao miaka ishirini kesho atasema ardhi ni yake. Kwa hiyo mkulima anahudhuria semina, anapewa soda na miche ya mikaratusi, anarudi nayo nyumbani. Inakauka ndani ya mifuko yake ya plastiki nyuma ya jiko, na Septemba anapanda maharagwe.