Canon au Nikon? Tazama lenzi kabla ya jina

Vyuo vinapofunguliwa, wazazi wenye watoto wanaosomea uanahabari, utengenezaji wa filamu au sanaa ya picha hukabiliwa na ombi lile lile: "Mama, nahitaji kamera." Hakuna mzazi asiyetaka kumsaidia mwanawe. Lakini karo imelipwa juzi tu, kodi ya nyumba inangoja, na kamera mpya ya lenzi za kubadilishwa ni ghali kwa mfuko wa mfanyakazi wa kawaida.

Ndipo familia nyingi huamua kutafuta kamera iliyokwisha kutumika. Na hapo ndipo kijana hurudi nyumbani na majina mawili mdomoni, Canon EOS 1100D na Nikon D3100, akimtaka mzazi achague.

Nikon D3100 ilitangazwa Agosti 2010, nayo Canon 1100D ikafuata Februari 2011. Zote mbili zilikusudiwa watu wanaoanza kujifunza. Hazitengenezwi tena. Nikon ilileta D3200 mwaka 2012, na Canon ikaleta 1200D mwaka 2014. Aidha, msomaji afahamu kuwa 1100D iliuzwa Marekani kwa jina la Rebel T3, hivyo asidhani anauziwa kamera nyingine akiona jina hilo.

Ubishi wa Canon na Nikon ni kama ule wa mashabiki wa kandanda. Haukomi na haumlishi mtu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini hata mkulima huangalia mpini kabla ya kulipa, na katika kamera hizi mpini ni lenzi.

Picha zenyewe hazipitani

Tuanze na jambo ambalo wauzaji hupenda kulitangaza, yaani megapikseli. Canon 1100D ina megapikseli 12.2 na Nikon D3100 ina 14.2. Ukisikia hivyo utadhani Nikon imeiacha mwenzake mbali sana.

Hebu tupige hesabu. Picha ya Canon ina pikseli 4,272 kwa 2,848, na ya Nikon ina 4,608 kwa 3,072. Ukiichapisha picha kwa ubora wa pikseli 300 kwa kila inchi, ya Canon itafika upana wa inchi 14 hivi, na ya Nikon inchi 15 hivi. Tofauti ni inchi moja tu! Picha nyingi za kutundika sebuleni hazifiki hata inchi 12.

Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ambacho siku hizi kimechukua mahali pa filamu, pia kinakaribiana. Cha Canon ni milimita 22 hivi kwa 14.7, na cha Nikon ni milimita 23.1 kwa 15.4. Vyote viwili ni vikubwa mno kuliko vile vya simu, na hiyo ndiyo sababu kamera ya mwaka 2011 bado inaweza kupiga picha nzuri ya sura ya mtu. Kasi yao ya kupiga picha mfululizo pia ni moja, picha tatu kwa sekunde.

Zinapotofautiana

Hata hivyo, zipo tofauti za kweli. Kioo cha nyuma cha Nikon ni cha inchi 3, na cha Canon ni inchi 2.7. Nikon ina sehemu 11 za kulengea, Canon ina 9. Nikon hujitikisa kuondoa vumbi ndani, lakini 1100D haina mtambo huo.

Nikon pia ina alama ya "Guide" kwenye gurudumu la juu. Ukiizungusha hapo, kamera yenyewe inakuuliza unataka kupiga picha ya nini, kisha inakuongoza hatua kwa hatua. Kwa kijana anayejifunza bila mwalimu, huo ni msaada mkubwa.

Canon nayo ina betri inayodumu zaidi. Kwa vipimo vya watengenezaji, betri moja hupiga picha 700 hivi, ilhali ya Nikon hupiga 550 hivi. Jambo jema ni kwamba betri za kamera zote mbili zilitumika pia katika kamera nyingine zilizokuja baadaye, kwa hivyo hazijawa adimu.

Zote mbili hazina Wi-Fi. Picha haitaruka yenyewe kutoka kamera hadi simu. Itakubidi kutumia waya wa USB, au kutoa kadi na kuisoma kwa kompyuta au kwa kifaa cha kusomea kadi. Kijana aliyezoea kutuma picha papo hapo aambiwe mapema.

Siri iko kwenye lenzi

Kamera hizi zilikuwa zikiuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Ni lenzi nzuri nje, mchana, jua likiwaka. Lakini angalia maandishi yaliyoizunguka mbele. Utaona 3.5-5.6. Namba hizo huonyesha ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga, na namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Ukivuta lenzi hadi milimita 55 ili upate sura ya mtu kwa karibu, tundu kubwa kuliko yote utakalopata ni 5.6.

Sasa fikiria mahali familia zetu hupigia picha. Ni sebuleni usiku chini ya balbu moja, kanisani wakati wa ubatizo, ukumbini wakati wa harusi, au katika hema la ruracio jua likitua. Mahali hapo mwanga ni haba. Kamera italazimika kuacha shata wazi kwa muda mrefu, na mtoto akigeuka kidogo tu, sura yake itakuwa ukungu. Ile teknolojia ya kutuliza mtikisiko, inayoandikwa IS kwa lenzi za Canon na VR kwa za Nikon, hutuliza mkono wa mpiga picha, lakini haiwezi kumtuliza mtoto.

Dawa ni lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8. Tundu hilo hupitisha mwanga zaidi ya mara tisa kuliko lile la 5.6. Maana yake ni kwamba picha iliyohitaji sehemu moja ya 15 ya sekunde sasa itapigwa kwa sehemu moja ya 125 hivi. Hapo nyanya anayecheka atanaswa akicheka, na nyuma yake kutakuwa na ule ulaini unaopendwa na wapiga picha wa harusi. Lenzi hii ni ndogo, na kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za kampuni hizo.

Mota inapokosekana

Hapa ndipo Canon na Nikon zinapoachana njia, na wanunuzi wengi hawaambiwi.

Tangu Canon ilipoanzisha mfumo wake wa EF mwaka 1987, mota ya kufokasi imekuwa ndani ya lenzi. Kwa hivyo lenzi ya EF iliyotumiwa na kamera ya filamu ya EOS miaka ya tisini itaingia kwenye 1100D na kufokasi yenyewe. Kamera hiyo ina alama mbili mdomoni. Kuna kidoti chekundu cha lenzi za EF, na kijisanduku cheupe cha lenzi za EF-S. Lenzi ya Canon ya 50 yenye tundu la 1.8, iwe ile kuukuu iliyoandikwa II au ile ya STM iliyotoka 2015, itafanya kazi bila shida.

Nikon ilikwenda njia nyingine. Lenzi zake nyingi za zamani hazikuwa na mota. Mota ilikuwa ndani ya kamera. Lakini D3100, kwa kuwa ilitengenezwa iwe nyepesi na ya bei ya chini, haina mota hiyo. Ukiifunga lenzi ya AF 50 iliyoandikwa 1.8D, picha itapigwa, lakini itakubidi uzungushe lenzi kwa mkono mpaka sura ionekane wazi. Kwa mtu anayejifunza, tena katika harusi, hiyo ni adhabu.

Mwenye D3100 anapaswa kutafuta lenzi iliyoandikwa AF-S. Nikon ilitoa AF-S ya milimita 35 yenye tundu la 1.8 mwaka 2009, na ile ya 50 iliyoandikwa 1.8G mwaka 2011. Zote ni nzuri sana. Ila muuzaji anaweza kukuwekea ile isiyo na mota akikwambia kwamba "50 ni 50." Si kweli.

Kuna mtego wa pili. Lenzi mpya zaidi za Nikon zilizoandikwa AF-P, zikiwemo za 18-55 zilizotoka mwaka 2016, hazifokasi kabisa kwenye D3100, hata kwa mkono. Huenda ukaona kamera na lenzi zikiuzwa pamoja, zote ni Nikon, zote ni nzima, na bado haziwezi kufanya kazi pamoja. Herufi hizo tatu zaweza kukuokolea pesa nyingi.

Vipi kuhusu lenzi ya mzee iliyokaa kabatini tangu siku za filamu? Ikiwa ni ya Nikon, mfumo wake wa kufungia lenzi umekuwepo tangu 1959, na nyingi zitaingia kwenye D3100. Lakini zile za kuzungusha kwa mkono hazitapimiwa mwanga na kamera, hivyo itabidi ukisie na kujaribu. Ikiwa ni Canon ya kabla ya 1987, ya mfumo wa FD, haiingii kwenye 1100D.

Video na simu

Kwa upande wa video, Nikon inashinda. Hurekodi kwa ukubwa wa 1080, fremu 24 kwa sekunde, kwa muda usiozidi dakika 10 kila kipande. Canon huishia 720. Lakini zote mbili hazina tundu la kuchomeka maikrofoni, na mwanafunzi wa uanahabari anayefanya mahojiano anajua sauti mbaya huua habari nzuri.

Kwa hivyo nitasema wazi. Kama kijana anataka kurekodi video peke yake, asinunue yoyote kati ya hizi. Simu nyingi za leo zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Na kama familia inataka picha za kutumiana kwenye simu tu, simu inatosha. Pesa hizo zibaki benki.

Uamuzi wangu

Kwa kijana anayetaka kujifunza kupiga picha za watu, na ambaye baadaye anatarajia kujipatia senti mbili tatu kwenye sherehe za jirani, ningemshauri achukue Canon 1100D. Haina ubora wa kuishinda Nikon kwa picha. Lakini njia ya kwenda lenzi ya pili ni nyepesi, na lenzi kuukuu yoyote ya EF itamfaa.

Kwa familia ambayo inajua haitanunua lenzi nyingine kamwe, inayotaka kioo kikubwa na kamera ya kumwelekeza anayeanza, Nikon D3100 ni bora.

Kabla ya kutoa pesa

Kwanza, nenda na kadi yako ya SD. Piga picha kadhaa pale dukani, mojawapo ikiwa ya anga au ukuta mweupe, ukiwa umeweka tundu dogo, kama 16. Madoa meusi yatakayoonekana mahali pale pale katika kila picha ni vumbi la ndani. Kwa Canon hii, isiyo na mtambo wa kujisafisha, usiruke hatua hiyo.

Pili, ivue lenzi na uielekeze kwenye mwanga. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui ndani ya vioo, hiyo ni kuvu, inayopenda lenzi zilizokaa mahali penye unyevu. Wasomaji wa Mombasa na Lamu wanaujua unyevu huo. Iache.

Tatu, ulizia shata imefyatuka mara ngapi. Kwa Nikon, hesabu hiyo hufichwa ndani ya faili ya picha na kompyuta huweza kuisoma. Kwa Canon 1100D, ni lazima kamera iunganishwe na kompyuta yenye programu maalumu. Usitegemee mdomo wa muuzaji.

Nne, soma herufi za lenzi. Kwa Canon, ile ya 18-55 iliyoandikwa III bila IS haina kitulizaji cha mtikisiko. Kwa Nikon, tafuta AF-S.

Mwisho, dai risiti yenye namba iliyoandikwa chini ya kamera. Kamera huibwa kwa urahisi, na sheria ya Kenya humwadhibu anayepokea mali huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Bei ikishuka kuliko kawaida na muuzaji akikataa kuandika jina lake, mwache na kamera yake. Mtoto aliyetumwa chuoni kusoma asije akaulizwa maswali kituoni kwa sababu ya kamera ambayo mzazi alimnunulia kwa nia njema.