Tiba ya saratani: nani analipia miaka 20 inayofuata?

Leo naweka Linux kando kidogo. Kuna jambo la fedha za utafiti ambalo naona linatuhusu hata sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta.

Katika kazi yetu ya kuandika programu, mteja akishapokea mfumo na kulipa, kila mtu huhamia mradi mwingine. Hitilafu itakayojitokeza baada ya miaka mitatu haina mwenyewe. Kujenga kuna bajeti, kufuatilia hakuna. Utafiti wa saratani una tatizo kama hilo, ila huko kinachozeeka si programu bali ni mwili wa mtu.

Kipimo kinachotumika sana ni miaka 5: mgonjwa akiwa bado hai miaka 5 baada ya kugunduliwa, tiba inahesabiwa kuwa imefaulu. Sawa. Lakini mtoto aliyegunduliwa akiwa na miaka 6, wakati huo ana miaka 11 tu! Maisha yake mengi bado yako mbele.

Na dawa zenyewe si za mchezo. Doxorubicin huua seli za saratani, lakini inaweza kudhoofisha moyo, na udhaifu huo pengine usionekane hadi miaka mingi ipite. Cisplatin inaweza kuharibu uwezo wa kusikia. Msichana aliyepigwa mionzi kifuani ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya matiti akiwa mtu mzima.

Haya yamejulikanaje? Kuna mtu alilipia kusubiri. Mwaka 1994 huko Marekani ulianza utafiti unaoitwa Childhood Cancer Survivor Study, kwa fedha za National Cancer Institute, na sasa unaratibiwa na hospitali ya watoto ya St. Jude mjini Memphis. Ulianza na watu waliogunduliwa wakiwa watoto kati ya 1970 na 1986, kisha ukaongeza wa hadi 1999. Leo idadi imepita 20,000. Wanatafutwa, wanaulizwa kuhusu afya yao, na majibu yanalinganishwa na dawa na mionzi waliyopewa.

Mwaka 2006 watafiti hao walitoa matokeo ya watu wazima 10,397. Asilimia 62 walikuwa na angalau ugonjwa mmoja wa kudumu, na zaidi ya robo walikuwa na ugonjwa mkali au wa kuhatarisha maisha. Hawa ni watu waliohesabiwa kuwa wamepona!

Lakini kufuatilia hakuishii kwenye kuhesabu maradhi. Madaktari walipoona madhara, walipunguza mionzi na dozi pale ilipowezekana. Mwaka 2016 utafiti huo huo ulionyesha kwamba manusura waliotibiwa miaka ya 1990 walikufa kwa uchache zaidi katika miaka ya baadaye kuliko wale wa miaka ya 1970. Hitilafu ilionekana, ikarekebishwa.

Sasa tuje kwenye pesa. Fedha za utafiti hutolewa kwa vipindi vya miaka michache, kisha watafiti wanaomba upya. Moyo hausomi kalenda ya mfadhili. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria iitwayo STAR Act, iliyoidhinisha dola milioni 30 kwa mwaka kwa miaka 5 kwa ajili ya saratani za watoto na manusura wake, na Januari 2023 ikahuishwa. Ni hatua nzuri. Ila kuidhinisha si kutoa: bado Bunge la nchi hiyo lazima litenge pesa hizo kila mwaka.

Kuna atakayesema: watu wanakufa leo kwa kukosa tiba, hasa huku kwetu, sasa mbona tuwagharamie waliokwisha kupona? Hoja hiyo ni nzito. Lakini dozi salama ya mgonjwa wa leo ilijulikana kwa kuwafuatilia wagonjwa wa jana. Doxorubicin na cisplatin zimo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO, na mtoto wa Kitale hutibiwa kwa dawa hizo hizo. Hatari ya doxorubicin kwa moyo huongezeka kadiri jumla ya dozi inavyopanda. Faili lake la karatasi likipotea, daktari atakayempokea akiwa na miaka 30 atajuaje alipewa kiasi gani?

Maoni yangu ni haya. Kila anayefadhili majaribio ya tiba ya saratani atenge tangu mwanzo fungu la kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka 20 au zaidi, fungu lisiloguswa kwa kazi nyingine. Na kila mgonjwa aondoke na muhtasari wa dawa, dozi na mionzi aliyopata. Hifadhidata yenyewe si ghali, hata mwanafunzi wa chuo anaweza kuianza. Gharama ni mshahara wa mtu wa kupiga simu mwaka baada ya mwaka, na kumtafuta aliyehama au kubadilisha laini.

Wewe waonaje? Katika kila shilingi 100 za utafiti wa saratani, ungetenga ngapi kwa waliopona?