“Au moins” ilinigharimu alama

Siku ya kwanza ya somo la Utangulizi wa Hisabati, mwalimu alitusomea masharti: kufika kwa wakati, kutonakili kazi ya mwenzako, na anayekosa intero bila cheti cha daktari anapata sifuri. Sipingi hata moja. Lakini hakuna aliyetuambia tulitarajiwa kuwa tunajua nini tayari. Kuna aliyesoma hisabati na fizikia sekondari. Mimi nilisoma ualimu.

Intero ya kwanza nilipata 7 kwa 20. Maswali mawili kati ya manne yaliuliza ni wanafunzi wangapi waliopata “au moins 10”. Niliona “moins”, nikahesabu waliopata chini ya 10. Kujumlisha na kugawanya kulikuwa sawa kabisa. Kwa Kiswahili ni “kuanzia 10 kwenda juu”, na hata mtoto anayeuza karanga sokoni asingekosea. (Ndiyo, mimi ni mwanafunzi wa lugha. Nimeshachekwa vya kutosha.) Na “au plus 10” inaihesabu 10 yenyewe, ilhali “moins de 10” inaiacha nje!

Naomba silabasi iongezwe ukurasa mmoja: maneno ya namna hii kwa Kifaransa na Kiswahili, na mazoezi machache yasiyo na alama, ya kutuonyesha tulipo. Kifaransa ni lugha ya chuo, najua. Mtihani ubaki hivyo hivyo. Ukurasa huo tupewe sisi wa kitivo cha lugha tuuandike, kabla ya kikao cha pili. Nami nitakuwemo katika kikao hicho.