Kipenu cha Kivuli na Kipenu cha Kioo

Miongoni mwa mambo yanayovutia macho katika picha za nyumba za Ulaya ni kile chumba kilichoegemezwa ubavuni mwa nyumba, chenye paa na kuta za kioo, ambamo watu huketi majira yote wakizungukwa na maua. Umbo lake si geni kwa Mswahili. Jengo dogo lenye paa la upande mmoja, lililoshikizwa kwenye ukuta wa nyumba kubwa, huitwa kipenu. Lililo geni ni kioo, na hapo ndipo mjenzi wa Kyela apaswapo kusita kabla hajafungua mfuko wake.

Chumba cha kioo kilizaliwa mahali palipokuwa na njaa ya mwanga. Huko Uingereza kodi ya kioo ilifutwa mwaka 1845, na mwaka 1851 Joseph Paxton, aliyekuwa mtunza bustani, alisimamisha London jumba kubwa la chuma na kioo kwa ajili ya maonyesho ya mataifa. Baada ya hapo vyumba vya kioo vilienea katika nyumba za wenye uwezo. Katika nchi ambayo jua la Desemba huchungulia kwa saa chache tu, kila mwali unaoingia ni faida.

Jinsi joto linavyonaswa humo hufundishwa shuleni kwa maneno machache mno. Husemwa kwamba kioo hupitisha mwanga wa jua lakini huzuia miali ya joto inayorudi kutoka sakafuni. Hiyo ni kweli, ila si sababu kubwa. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, R. W. Wood, alichukua visanduku viwili, kimoja akakifunika kwa kioo na kingine kwa bapa la chumvi ya mawe, ambayo huiruhusu miali ya joto kupita. Vyote viwili vilipata joto karibu sawa. Kinacholiweka joto ndani, basi, ni hasa kule kuizuia hewa ya moto isipande na kuondoka. Jambo hili halina budi kukumbukwa, kwani ndilo linaloamua kipenu kifunguliwe wapi na kifungwe wapi.

Sasa na ipigwe hesabu ya Kyela. Jua la utosini siku isiyo na mawingu huleta kiasi cha wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kipenu cha mita 3 kwa mita 4 kina paa la mita 12 za mraba. Hata kioo kikizuia sehemu moja ya tano, zinazobaki ni sawa na pasi tisa na nusu hivi za umeme, kila moja ya wati 1,000, zikiwaka chumbani kwa pamoja. Nje, mwezi wa Oktoba au Novemba, joto aghalabu limekwisha kupita digrii 30, na unyevu wa ziwani haulisaidii jasho kukauka. Anayejenga chumba cha namna hiyo ili aketi na wageni anajenga tanuri.

Kivuli nacho chahitaji elimu. Kyela iko nyuzi 9 na nusu hivi kusini ya Ikweta. Kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 23 Februari na tarehe 18 Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, kwa muda wa karibu miezi minane, jua la adhuhuri huegemea kaskazini. Miezi minne iliyobaki huegemea kusini, tena kwa kiasi kidogo. Mwanafunzi aweza kulithibitisha hilo kwa kijiti cha mita 1 kilichosimamishwa wima uwanjani. Tarehe 21 Juni kivuli chake kifupi kabisa kitaelekea kusini, urefu wake sentimita 65. Katikati ya Oktoba karibu hakitaonekana. (Asikitazame saa 6 kamili. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45, na Kyela iko magharibi ya hapo kwa nyuzi 11, hivyo adhuhuri ya kweli huchelewa kwa nusu saa au zaidi.)

Kutokana na kijiti hicho vipimo vya nyumba hupatikana bila gharama. Ukuta wa kaskazini wenye kimo cha mita 2.4 wahitaji upenu wa kiasi cha mita 1.55 ili ukae kivulini adhuhuri ya Juni. Ule wa kusini watosheka na sentimita 60 adhuhuri ya Desemba. Ukuta wa magharibi hauna upenu wa kuutosha, maana jua la alasiri huingia kutoka chini. Huko kufaako ni mti.

Mtu angedhani, basi, kwamba kipenu cha kuketi kikiwekwa kusini, kuelekea ziwa na upepo wake wa mchana, shauri limekwisha. Halijakwisha. Mvua za Kyela hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali za Dodoma hazifiki 600. Sehemu kubwa ya mvua za masika hutokana na unyevu wa ziwa unaosukumwa na pepo za kusini mashariki hadi kwenye kuta za milima ya Livingstone na Rungwe. Upande wenye kivuli kizuri ndio huo huo unaopigwa na mvua ya mshazari. Matone yakija kwa pembe ya nyuzi 45, na ukingo wa paa ukiwa mita 2 kutoka sakafuni, maji yataingia mita 2 ndani, na viti vitarudishwa sebuleni. Dawa yake ni ukuta wa nusu, wenye kimo cha mita 1, na paa linaloupita ukuta huo kwa mita 1 nyingine. Mstari wa mvua hapo utagonga kichwa cha ukuta na kuishia nje. Uwazi uliobaki juu ya ukuta utiwe wavu wa mbu. Wavu hupunguza upepo kidogo, lakini katika bonde lenye malaria, na kando ya ziwa ambalo vijidudu vyake huinuka kwa makundi yanayofanana na moshi na kuifuata taa, hasara hiyo ni ndogo.

Bati litoshalo kwa paa la namna hiyo huweza kulala kwa nyuzi 10, yaani kupanda nusu mita kwa kila mita 3. Nyasi haziwezi; zahitaji nyuzi 45 hivi, la sivyo zitavuja na kuoza. Ndiyo maana kipenu cha nyasi huwa chembamba au hutelemka pamoja na paa kubwa lenyewe. Sakafu nayo iinuliwe kupita alama ya mafuriko ambayo wazee wa mahali wanaikumbuka, kwani mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe huzoea kuvuka kingo zake.

Wajenzi wa kale wa Kinyakyusa hawakuwa na hesabu hizi katika maandishi, lakini walizijua. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyefika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alizisifu sana nyumba za mianzi na udongo alizozikuta, na usafi wake. Kuna zilizojengwa kuta zikiwa zimeinama kidogo kuelekea nje, hata ukuta ukajifunika wenyewe kwa kivuli na mvua ikadondoka mbali na mguu wake. Nyumba ya leo ya matofali, ambayo paa lake limekatwa karibu na ukuta ili kuokoa bati chache, haiwezi kujivunia kuishinda ile.

Kioo, hata hivyo, kina kazi yake Kyela, nayo ni kakao. Mbegu zake, zikitoka kuchachushwa kwa siku tano hadi saba, zingali na maji zaidi ya nusu ya uzito wake, nazo hazina budi kukaushwa hadi yabaki kama asilimia 7. Zikizidi 8 huota ukungu ghalani, na jasho la mkulima hushuka bei. Katika mwezi wa Aprili mkeka wa uani hauwezi kazi hiyo. Kipenu chenye paa la kioo, au la karatasi ngumu ya plastiki iliyotengenezwa kustahimili jua, chaiweza. Kiwekwe kaskazini mwa nyumba, ambako jua la adhuhuri huegemea kwa ile miezi minane, masika ikiwamo. Meza za waya au za mianzi zisimame humo, hewa iingie kwa tundu za chini na kutoka kwa tundu za juu zilizo pana zaidi, kwa maana hewa iliyofungiwa hujaa mvuke na ukungu hushangilia. Joto lisiachwe kupita digrii 60: mbegu ikikauka ganda kwa haraka, asidi hubaki ndani na ladha huharibika. Kisiegemezwe ukuta wa jiko, kwa kuwa kakao hunywa harufu ya moshi, wala ukuta wa chumba cha kulala, kwani matofali yaliyopata moto mchana huutoa usiku kucha. Ukuta wa ghala ndio unaofaa.