Kapita akitoka

Kapita wa karakana hujivunia kimya cha watu wake. Sisi twauliza: akitoka, kazi yaendeleaje?

Huko Iowa, Marekani, Kurt Lewin na wenzake walichungua jambo hilo kwa wavulana wa miaka 10 na 11 waliotengeneza vinyago vya kuvaa usoni, wakatangaza matokeo mwaka 1939. Kikundi kilichoamriwa kila hatua kilifanya kazi nyingi, twakubali; lakini kiongozi alipotoka chumbani, mikono ililegea. Waliozoea kushauriana na kiongozi wao waliendelea. Walioachiwa wafanye watakavyo walicheza, hata alipokuwapo.

Watoto si watu wa mshahara, kweli. Hata hivyo, kapita na atoke nusu saa bila kuaga, akirudi ahesabu mbao zilizorandwa.