Bwawa la Mbwa Halijamnyima Mtoto Maji

Kuna hadithi fupi nimeisoma mara nyingi mpaka sasa naitambua kwa sentensi ya kwanza. Kijana wetu kafika Marekani, mwenyeji wake kampeleka bustanini, na huko anakuta mbwa wanaogelea kwenye bwawa lililochimbwa kwa ajili yao. Anasimama. Anamkumbuka mama yake na ndoo kichwani. Machozi, mwisho. Msinicheke, mimi mwenyewe niliiandika nikiwa chuo, na mhadhiri akanipa alama nzuri.

Leo naikataa, yangu na zenu.

Hebu tuichukue bustani yenyewe, maana kwenye hadithi hizi haina hata jina. Magharibi mwa Houston, jimbo la Texas, kuna Millie Bush Dog Park. Ina mabwawa ya mbwa kuogelea, mabomba ya kuwasuuzia matope, upande wa mbwa wakubwa na upande wa wadogo, na kuingia ni bure. Kwa nini maji? Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kiangazi cha Houston joto linapopita nyuzi 35 na unyevu juu yake, kuhema tu hakumtoshi. Tena mjini anatakiwa kutembea na kamba shingoni. Yaani afungwe wiki nzima, halafu saa moja ya kufunguliwa majini ndiyo tuiite anasa?

Millie alikuwa mbwa wa Rais George H. W. Bush. Na hapa wapenzi wa vitabu mkae vizuri: mwaka 1990 kilitoka kitabu, Millie's Book, ambacho eti mbwa alisimulia na mke wa rais, Barbara Bush, akaandika. Mwaka uliofuata mrabaha wa kitabu hicho ulizidi mara kadhaa mshahara wa rais mwenyewe, na fedha zikaenda kwenye mfuko wa kuzisaidia familia kujua kusoma. Mbwa kauza vitabu kuliko sisi sote tunaoandika humu! Kejeli tamu kama hiyo imelala wazi, sisi bado tumeng'ang'ania ndoo ya mama.

"Lakini mtoto wa Singida hana maji." Najua. Nimeripoti visima vilivyozinduliwa kwa ngoma na picha, kisha pampu ikafa na kipuri hakikuletwa. Katika safari zote hizo sijakutana na mbwa hata mmoja aliyesaini mkataba. Waliosaini wana majina na vyeo, na ndiyo maana tunaona afadhali kumkasirikia mbwa wa Texas. Hana wakili.

Wanaoniletea habari ya najisi nao nawajibu kwa kifupi. Wengi tumesikia madrasa habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Hakuna aliyemuuliza kwanza kama watoto wa kijijini wameshakunywa.

Mnataka kuikosoa Houston? Sawa, ikosoeni, lakini kwa kitu kilichopo. Bustani ile imo ndani ya Barker, bonde kubwa lililozungushiwa tuta miaka ya 1940, baada ya mafuriko ya 1929 na 1935, ili lipokee maji ya mvua yasiifikie katikati ya jiji. Ni ardhi iliyotengwa izame. Pembeni yake, ndani ya eneo ambalo maji yangeweza kufika bonde likijaa, watu waliachwa wajenge, wakauziana nyumba, wakahamia na watoto. Agosti 2017 kikaja kimbunga Harvey. Bonde likajaa, maji yakapanda hadi sebuleni kwa watu, na wengi wao wakasema hawakuwahi kuambiwa kwamba wamenunua nyumba ndani ya bwawa. Wakaishtaki serikali.

Mji huohuo una wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili. Wanazijua mvua zile kuliko kijana yeyote wa hadithi zetu. Mbwa wana bwawa lenye uzio, na kila mtu anajua ni bwawa. Wenye nyumba walikuwa na bwawa pia, ila lao halikuwa na kibao. Hiyo sijaletewa na mwandishi hata mmoja.